Safu ya Taaluma

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Eufrasia Thomasi alianika bendeji zake kwenye kamba ya katani nyuma ya nyumba. Zilikuwa vipande vya kanga kuukuu, vimechemshwa na kukunjuliwa mpaka kila pindo likae sawa. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu chama cha ushirika kifunge kiwanda chake cha pamba, pamoja na chumba kidogo cha huduma ya kwanza alichokuwa amekisimamia kwa miaka kumi na tisa, lakini watu wa Kasoli hawakuacha kujikata na majembe kwa sababu tu yeye alipunguzwa kazini.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa tano alikuwa amefika kipande cha nne aliposikia pikipiki ikikata kona ya mashamba. Mkono wake ukabaki hewani. Pikipiki asubuhi namna ile ilikuwa na maana moja tu.

"Mwangaluka, mayu," akasalimu Bundala kwa Kisukuma, akimwita mama huku akishuka. Zamani alibeba marobota ya ushirika; sasa alikuwa nyapara wa kampuni mpya iliyonunua kiwanda.

"Mwangaluka, Bundala. Nani kaumia?"

"Hakuna mtu. Imeumia karatasi." Akatoa bahasha kifuani. "Fomu yako ya mafunzo ya kiwandani imerudi tena."

Eufrasia alijifuta maji mikononi kabla ya kuipokea. Ilikuwa mara ya pili. Safari ya kwanza walimrudishia bila neno. Safari hii mtu alikuwa ameshika kalamu nyekundu, na kwenye safu iliyouliza "Taaluma ya Mkufunzi", juu ya mistari yote aliyoijaza kwa mwandiko wake mdogo, alikuwa ameandika neno moja: HAKUNA.

"Mimi naleta tu," Bundala akasema, akitazama pembeni.

"Najua. Ningoje nivae kitenge kingine. Utarudi nami kwa hiyohiyo pikipiki."

Kampuni ilikuwa na haraka. Soko huria lilikuwa limeingia, kila mnunuzi alitaka kuwahi pamba kabla ya mwenzake, na mabati ya kiwanda yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu inayoonekana kutoka barabara kuu ya Bariadi. Kilichobaki ni bima. Watu wa bima walikataa kuandikisha kiwanda mpaka wafanyakazi wafundishwe kuokoa majeruhi na kujikinga na moto, na mkufunzi aandikwe jina na taaluma yake. Pamba si kuni. Hata ikibanwa kwenye robota, cheche inaweza kulala ndani siku mbili, halafu ikaamka.

Ofisini alimkuta Method, ofisa utumishi, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye tai, na Nancy, mpiga chapa, ambaye vidole vyake havikutulia.

"Mama, nieleze vipi?" Method akasema. "Safu hii inauliza taaluma. Wewe umeandika visa. Tazama: 'Mwaka themanini na moja, moto ghalani, watu arobaini na wawili. Themanini na nne, mkono wa mtu kwenye mashine. Themanini na tisa, basi lililopinduka mtoni, majeruhi thelathini na mmoja.' Hii ni fomu au ni hadithi?"

"Ndiko nilikojifunzia."

"Cheti?"

"Ninacho. Mwaka mmoja, uhudumu wa wagonjwa, hospitali ya misheni."

"Cha mwaka sabini na nne!"

"Mifupa ya watu haijabadilika tangu mwaka huo, baba."

Alilisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba Nancy alilazimika kuacha mashine ili asikie, na aliposikia alicheka, akajifanya anakohoa.

Method akavuta fomu karibu. "Mtaalamu anatoka Dar es Salaam. Amesomea. Tatizo lake hajui Kisukuma, na nusu ya vibarua wetu Kiswahili kinawapiga chenga. Hapa penye 'Nafasi unayoomba' wewe mwenyewe umeandika 'kusaidia kwenye mafunzo'. Basi utasaidia. Utakuwa mkalimani wake."

Ni kweli alikuwa ameandika kusaidia. Usiku wa kujaza fomu alikuwa ameinua kalamu mara tatu kuandika neno jingine, na mara zote tatu uso ulimwaka kama aliyekamatwa akiiba. Nani angejiita hivyo, mwanamke wa darasa la saba?

"Fomu yangu sitaibadilisha," akasema. "Lakini nitakuja."

Aliona bora awe ndani ya geti kuliko nje.

Mafunzo yalifanyika Alhamisi, uwanjani, kati ya mizani ya pamba na ghala. Vibarua sitini walikaa chini, wanawake wachambuzi upande mmoja na wapagazi upande wa pili. Mtaalamu, Bwana Januarius, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye filimbi shingoni na picha kubwa alizozitundika ukutani. Alijitambulisha kwamba kwa miaka ishirini alikuwa amewafundisha wafanyakazi wa benki na hoteli.

Eufrasia hakumchukia. Alipoeleza jinsi ya kukandamiza kidonda kinachovuja damu, alieleza vizuri, naye akatafsiri vizuri, akaongeza na yake: "Usimwage majivu. Usimwage mafuta ya taa. Nyanjige, nakutazama wewe." Wanawake wakaangua kicheko, na Nyanjige, mchambuzi mzee kuliko wote, akajibu kwamba majivu yaliwaponya mababu zake. "Ndiyo maana wote wamekufa," Eufrasia akasema, wakacheka zaidi.

Kisha Januarius akafika kwenye moto.

"Atakayeuona moto kwanza, apige yowe hapohapo alipo, kwa nguvu zote. Wote mkisikia, acheni kazi, tokeni nje."

Uwanja ukamngoja Eufrasia. Akakishusha kipaza sauti alichopewa.

"Dada?" Januarius akauliza.

"Hilo sitalisema."

"Kwa nini?"

"Kwa hawa watu yowe ni mwano. Mwano ukipigwa, ng'ombe wameibwa au mtu anauawa, na kila anayeusikia lazima akimbilie unakotoka. Asiyekwenda anashtakiwa kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Wamezaliwa nao. Ukiwaambia wapige mwano ndani ya ghala, hawatatoka. Wataingia. Mwaka themanini na moja waliingia. Watu arobaini na wawili, mlango mmoja, wakakanyagana. Tangu siku ile tulikuwa tunafanya kwa namna nyingine. Anayeona moto..."

"Mama Eufrasia!" Method alikuwa amekuja na faili lake. "Hawa ni wafanyakazi wa kampuni, siyo wachunga ng'ombe. Wataelewa wakielezwa. Tafsiri kama ulivyoambiwa."

"Wataelewa kwa masikio, baba. Miguu haiulizi masikio."

"Tafsiri, au rudisha kipaza sauti."

Eufrasia akakitazama kile kipaza sauti cha betri. Akainama, akakiweka chini taratibu, kama mtu anavyoweka yai, akaenda kusimama karibu na geti.

"Bundala!" Method akaita.

Bundala akakiokota. "Nisamehe, mayu," akasema, kisha akatafsiri neno kwa neno, macho yake ardhini.

Wakaanza jaribio. Ndani kidogo ya mlango wa ghala liliwekwa pipa la takataka za pamba zilizonyunyizwa maji, likawashwa. Moshi mweupe, mzito, ukaanza kutambaa chini ya mabati. Vibarua wakatawanywa kila mtu mahali pake pa kazi. Nyanjige, aliyechaguliwa kuwa wa kwanza kuona, akaingia mlangoni, akavuta pumzi, akapiga mwano.

Sauti ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Nywele za Eufrasia zilisimama ingawa alijua ni mchezo. Januarius alikuwa amesimama uwanjani, saa mkononi, akingoja watu wamjie.

Hakuna aliyemjia. Kutoka kwenye mizani, kutoka chumba cha mashine, kutoka chooni, watu sitini walikimbia kuelekea mlango wa ghala, na waliopokea mwano wakaupiga na wao. Wapagazi waliingia na vyuma vya kukokotea marobota. Wanawake waliingia na nyungo. Walio mbele, wakikohoa, walitaka kutoka. Walio nyuma, wakisikia kukohoa, walisukuma zaidi ili wakaokoe. Januarius akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Method alipiga kelele, "Tokeni! Ni mazoezi!" na kelele yake ikaleta wapishi.

Kisha ua wa nje ukatikisika. Watu wa kijiji walikuwa wanaingia kutoka mashambani, wenye majembe, wenye mikuki, wenye ndoo.

Eufrasia hakungoja kuitwa. Alipita kando ya ukuta mpaka mlangoni, akawashika watu wa nyuma viunoni, mmoja baada ya mwingine, akiwaita kwa majina na kuwageuza. Mtu akitajwa jina husimama. Aliyejaribu kuwaita kwa ujumla hakusikika. Bundala akaona anachofanya, akaanza kufanya vilevile, mpaka mlango ukapumua na watu wakamwagika nje.

Elina, binti mchambuzi, alibaki chini mlangoni, amejishika bega, uso umekuwa wa rangi ya jivu.

"Usimwinue kwa mkono huo!" Eufrasia akamkemea mpagazi. Akapiga magoti, akapapasa taratibu chini ya shingo. "Mtulinga umevunjika. Utapona, mwanangu. Nani ana kanga?" Zikaja kanga saba. Kivuli kikamwangukia, alikuwa Januarius, filimbi inaning'inia.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Mshikie kiwiko hapa. Usikibane. Usikiachie."

Mtaalamu akapiga magoti vumbini na suruali yake ya kijivu, akashika kiwiko, wakati Eufrasia akifunga. Kazi ilipokwisha Januarius akasema polepole, "Kule benki, mtu akipiga kelele, wenzake hukimbia mbali naye. Miaka ishirini sikujua kuna watu wanaofanya kinyume."

"Ungeuliza, ungeambiwa," Eufrasia akasema, akakaza fundo.

Nyuma yao sauti nzito ikauliza, "Mwano huu ni wa nini?"

Alikuwa Mahona, mkuu wa sungusungu wa kijiji jirani, mkuki begani, jasho likimtiririka. "Nimeacha jembe. Nimeacha chakula motoni. Nawaona mmekaa. Mlikuwa mnapika nini humu?"

Method akaanza kueleza habari za bima. Mahona akamtazama kama mtu anavyomtazama ndama anayelia. "Mwano wa uongo una adhabu, kijana. Nani kaagiza?"

Method akaangalia faili.

"Baba Mahona," Eufrasia akasema, akisimama, vumbi limejaa magotini. "Wamekosea kwa kutojua. Mimi nilijua, nikaweka kipaza sauti chini nikaenda kusimama getini. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza baada ya kukataa. Niruhusu niwapigie mwano mwingine, wa kweli, ili msije mkafia humu siku ya moto wenyewe. Ukiona haufai, tushtaki wote."

Mzee akampima kwa macho. "Piga, nesi."

"Mama, hatujapanga..." Method akaanza.

"Kaa kimya," Mahona akamwambia, bila ubaya.

Pipa la moshi likakokotwa nje, kisha Eufrasia akawarudisha watu ndani, wenyeji na vibarua pamoja, kila mmoja mahali alipotaka. Akawaambia kwa Kisukuma, bila kipaza sauti, akitembea katikati yao: "Watu wa kwetu hukimbilia sauti. Sitawakataza, ni heshima yetu. Basi tutaihamisha sauti. Ukiona moto, usipige mwano hapo ulipo. Funga mdomo, toka, kimbia mpaka kwenye lundo la mchanga penye geti. Ukiwa juu ya mchanga, piga. Wote mtakuja kwako, na mtakuta mchanga na ndoo. Kisha robota lenye cheche linakokotwa nje kwa chuma, linapasuliwa mbali na mengine, linazikwa. Maji juu ya robota ni kujidanganya."

Akaenda peke yake mpaka getini, akapanda juu ya mchanga. Maisha yake yote hakuwahi kupiga mwano. Hata kanisani aliimba akiwa nyuma ya mtu mrefu. Watu zaidi ya mia walikuwa ndani. Alifumba macho, akafungua koo.

Wakamjia kama maji. Mlango wa ghala haukusongwa na mtu. Walitoka kwa mbio, wote wakielekea upande mmoja, na Bundala alipofika alikuwa tayari na ndoo mkononi. Januarius akatazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

"Dakika moja na nusu," akasema. "Na hakuna aliyeanguka."

"Sasa huo ni mwano," Mahona akasema, akageuka kwenda kuokoa chakula chake.

Nancy alikuwa amekuja na karatasi za bima kwenye ubao wa kuandikia. Method akazipokea. Shingo ilikuwa imemlowa, na tai ilikuwa imekwenda pembeni. Akamkaribia Eufrasia na kalamu, akajaribu kutabasamu.

"Mama, umetusaidia sana leo, sikatai. Nimeshafikiri. Sitakuandika mkalimani. Nitakuandika msaidizi wa mkufunzi. Ni cheo kizuri hicho. Saini hapa, mkaguzi anakuja Jumatatu."

Watu walikuwa bado wamemzunguka, wanahema. Elina alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mizani, mkono umefungwa kifuani. Eufrasia aliiona safu ya mkufunzi, imeachwa wazi, na uso ukaanza kumwaka kama usiku ule wa kujaza fomu. Safari hii akauacha uwake. Hakupokea kalamu.

"Sikuja kusaidia," akasema, na sauti iliyotoka bado ilikuwa ile ya juu ya mchanga. "Niliandika kusaidia kwa sababu niliona aibu. Nilitaka kufundisha. Kazi hiyo ndiyo nimeifanya miaka kumi na tisa ndani ya ukuta huu. Mimi ni mkufunzi, Method. Andika hivyo."