Kichekesho cha Bi Marlene

Mume wangu, Garrett, husema Halowini, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakitaka peremende, ni kuwafundisha kuombaomba. Mimi humjibu kwamba hapa Saint Louis mtoto haombi: bila kichekesho hapewi peremende. Wiki nzima nilimbembeleza binti yetu Odette, wa miaka sita, anisimulie chake.

"Hapana, Mama. Hiki ni cha Bi Marlene."

Bi Marlene, jirani yetu, hutoa chokoleti nzima nzima. Mimi nimemshonea Odette vazi lenye mabawa ya bundi mpaka vidole vikauma, halafu kichekesho apewe yeye!

Jioni ile tulipofika kwake nikasema, "Tupite tu, mwanangu, labda amelala."

"Mama! Taa ya mlangoni si inawaka?"

Akakimbia kubisha, na Bi Marlene akafungua. Nikabaki njiani, nimenuna.

"Kwa nini mchawi haruki na ufagio wake asubuhi?" akauliza.

"Sijui, mpenzi. Kwa nini?"

"Mama yake anaufagilia!"

Nilikuwa nimeapa kutocheka, lakini kicheko kikanitoka.

Odette akageuka, amefura. "Mama, si nilikwambia si chako?"

"Nisamehe, mwanangu," nikasema, nikimtazama Bi Marlene, ambaye alikuwa bado hajakielewa. Roho yangu ikatulia kidogo.