Mstari wa Wapangaji

Nina ugonjwa mmoja tu, udadisi. Kwa hivyo afisa wa serikali alipokuja mtaani kwetu New Site, hapa Juba, kutuuliza kama serikali ipange kodi za nyumba ama ituache tukabane makoo wenyewe, nilifika uwanja wa kanisa kabla ya wote. Nilikuwa na sababu pia. Mama Emma, mwenye nyumba yangu, alishasema kuanzia mwezi ujao anataka dola. Shule ninayofundisha inanilipa pauni, na pauni ya hapa kila ukiamka imepungua nguvu. Serikali isipoingilia nahama, na pa kuhamia sina.

Afisa alisema wapangaji wapange mstari kushoto, wenye nyumba kulia, kisha watu watoe maoni. Nikakimbilia kushoto, nikawa wa kwanza. Nilitamani sana kuona Mama Emma atasimamaje kule kulia mbele ya watu.

Akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama Emma, umepotea? Wenye nyumba ni kule."

"Mimi iko mpangaji," alisema bila haya. "Ile nyumba unakaa nilijenga tukitoka Uganda. Lakini mimi nalala mtaa ya Juba Na Bari, chumba ya mabati ya kupanga. Mwenye hiyo chumba anataka dola. Kama wewe hapana lipa dola, mimi natoa wapi?"

Miaka miwili nampa kodi, na mimi ninayejua habari za kila jirani sikuwahi kumuuliza anaishi wapi! Niliona aibu. Lakini nilizidi kutaka kujua.

"Kwa hivyo unataka serikali iingilie?"

"Juba Na Bari iingilie. New Site bado kidogo."

Nilicheka hadi afisa akanikazia macho. Mama Emma hakucheka. "Na wewe, Mwalimu Loise? Ile nyumba yako ya Kenya, si umeweka mtu?"

Nilikuwa nimejigamba kwake: nyumba ya Rongai, niliyoinunua kwa mkopo wa benki, na ndani yake kijana mpole anayeitwa Job. Kodi yake ndiyo inayolipa mkopo. Majuzi benki ilipandisha riba, nami nikampandishia Job kodi.

"Serikali ya kwenu ikikataza kupandisha?"

"Benki itachukua nyumba."

"Na huyo Job alisema nini?"

Hakuwa amesema kitu. Tangu nimtumie ujumbe alikuwa kimya, nami nilidhani kimya ni kukubali. Nikampigia palepale. Alipokea upesi, sauti yake ikivuma kama ya mtu aliye katika chumba kitupu.

"Madam, nilikuwa karibu kukupigia. Nimepata chumba cha bei nafuu Kiserian. Vitu vimeshatoka. Ufunguo nimemwachia askari wa geti."

"Wewe wa kwanza!" afisa aliita. "Tuambie, serikali iingilie ama isiingilie?"

Mama Emma alinisukuma begani. Uwanja mzima ulinigeukia.

"Job," nililia kwenye simu, "rudisha vitu! Utalipa ile kodi ya zamani!"

Alikuwa ameshakata.