Moshi Mweupe wa Silinda ya Tatu

Boti ya Mama Mkwe ilivusha abiria kutoka gati la soko hadi ng'ambo, na kwa mwezi mzima sasa ilikuwa ikiwavusha wakiwa wamefumba macho. Moshi mweupe ulitoka kwenye bomba la ubavuni, ukapanda hadi walipokaa, ukawachoma kuliko kitunguu. Watu walipanda bila msiba wowote, wakashuka wakipangusa machozi. Mwendesha injini, ambaye alikuwa mume wa binti wa mwenye boti, wakambatiza jina la Ukungu.

Jina lisingemsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba injini ile kuukuu ilianza kunywa dizeli kupita zamani, na Mama Mkwe alikuwa na jibu tayari: mkwe anaiba mafuta, kisha anajazia maji. Alilisema sokoni, akalisema kwa majirani, akamwambia hata binti yake huku akimwogesha mjukuu. Sasa alikuwa anasubiri tu neno la kaka yake, Mjomba, fundi wa injini. Mjomba akithibitisha, Ukungu anashuka botini siku hiyo hiyo, na kazi nyingine hana.

Mjomba alifika asubuhi, injini ikiwa bado baridi, kama alivyoagiza. Nusu ya injini za gati lile zilikuwa zimepita mikononi mwake. Hii pia: ndiye aliyebadilisha nozeli zake, zile zinazorusha mafuta ndani ya silinda, mwezi uliopita, kazi aliyoifanya huku akisimulia wanawake waliomlilia ujanani.

"Mkwe, zungusha hendeli," alisema. "Au nguvu nazo umeziuza pamoja na dizeli?"

Injini ikawaka kwa kujivuta, moshi ukafumka. Juu ya maji pale chini ya bomba pakatanda utando wa rangi rangi.

"Shika kitambaa mbele ya bomba. Sogeza na uso, hauna cha kupoteza."

Kitambaa kilirudi kimelowa. Mjomba alikinusa, akakisugua kwa vidole.

"Maji?" Mama Mkwe aliuliza kwa matumaini.

"Maji hayatelezi hivi. Hii ni dizeli isiyoungua."

"Kwa hiyo haiibiwi," Ukungu akasema. "Inatoka na moshi."

"Nyamaza wewe, watu wanaongea na injini."

Mjomba akalegeza nati ya bomba la mafuta la silinda ya kwanza. Injini ikayumba, ikakohoa. Akaikaza. Ya pili, ikayumba vilevile. Alipolegeza ya tatu, mlio haukubadilika hata kidogo. Moshi ndio ulipungua.

"Mvivu ni huyu," alisema. "Anakula, hafanyi kazi. Kama namjua ndugu yake."

Mama Mkwe alicheka mpaka akashika ukingo wa boti.

Injini ikazimwa. Kwa kujionyesha, Mjomba hakusubiri ipoe. Aling'oa nozeli ya tatu pamoja na kipete cha shaba kinachokaa chini yake kuziba, akamulika tundu, akarudi kumulika tena. Ukungu akainama kutazama. Ndani ya tundu kulikuwa na kipete kingine, cha zamani, kimegandamana na masizi.

Anayebadilisha nozeli hutoa kipete cha zamani kabla ya kuweka kipya. Akikisahau, nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta yanarushwa pasipo mahali pake, mengine yanatoka mabichi kama yalivyoingia. Na nozeli zile ziliguswa na mtu mmoja tu.

Mjomba alikichokonoa kwa ncha ya waya kikatoka. Dada yake akasogea kuchungulia. Basi Mjomba akakifumbata, shaba ikiwa moto vilevile ilivyotoka tumboni mwa injini. Midomo ilitabasamu, lakini jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Umeona nini, kaka?"

"Uchafu. Kijana anatia mafuta ya ovyo."

Ukungu akanyoosha mkono. "Mjomba, asante. Nishike mkono."

"Una grisi."

"Na wako una nini?"

Akaudaka kwa mikono yake miwili, akabana, akaanza kushukuru. Alishukuru kwa muda wake, kwa utaalamu wake, kwa kumlea dada yake aliyekuja kumzaa mke wa Ukungu, mama wa mwanawe. Akaingia kwenye ukoo, mmoja mmoja, bila kuruka marehemu, na kwa kila jina aliubana mkono. Mjomba aliitikia "haya, haya, baba," sauti ikipanda. Walipofika kwa shangazi wa pili, mkono ukafunguka. Kipete kilianguka sakafuni, na kipande cha ngozi kikiwa kimekishika.

Mama Mkwe alikiokota. Alitazama kile kilichotoka na nozeli, akatazama hiki, akatazama tundu, kisha kiganja cha kaka yake. Hakuwa mjinga, alimiliki injini ile kabla ya kumiliki mkwe.

"Mama, umeona mwenyewe," Ukungu alisema.

"Nimeona." Akakitupa majini. "Mwezi mzima nawaambia watu kwamba wewe ni mwizi. Sasa nianze kupita nyumba kwa nyumba kukusanya maneno yangu? Na huyu, nani atampa tena injini yake?"

"Na mimi?"

"Wewe una afya. Rudisha nozeli, uiwashe, kaka hawezi na mkono huo. Halafu uache funguo za kufuli la boti."

Ukungu hakuishika nozeli.

"Mkeo na mtoto wanalala kwangu," alisema Mama Mkwe taratibu. "Unataka wasikie kelele?"

Ukungu akaweka kipete kimoja, akakaza nozeli, akazungusha hendeli. Injini ikashika mara moja. Bombani hapakuonekana kitu, hewa tu ikitetemeka. Abiria waliokuwa wakingoja gatini wakapiga makofi, na Mjomba akawapungia mkono wa kushoto.

Ukungu akaweka funguo juu ya kifuniko cha injini, akashuka. Mzee mmoja, akisubiri zamu yake ya kupanda, akamgusa bega kwa upole kabisa.

"Si ungemwita mjomba wako mapema, mwanangu," alisema. "Ungeona aibu kidogo tu, lakini kazi ungekuwa nayo."