Majalada ya Dirishani

Nina kesi na ofisi ya elimu ya wilaya, na kesi yenyewe ina miaka arobaini. Nilikuwa darasa la tano waliponitoa shuleni kwa sababu sikuwa na viatu, na saini ya aliyeandika barua ya kunitoa naikumbuka hadi ulivyopinda mkia wake. Kwa hiyo waliposema wanataka kufuta Ijumaa, watoto wasome siku nne kwa wiki, nilikaa na kalamu nikaandika kurasa kumi na moja za kuwasomea mkutanoni. Mtaani wananiita Faili. Sichukii.

Sababu zao ni mafuta ya mabasi na uhaba wa walimu. Ijumaa shule itatiwa kufuli. Hilo kufuli ndilo lililonichoma.

Maana Ijumaa saa tisa, watoto wakiwa wanafagia madarasa, dirisha la stoo ya vitabu linaloelekea barabarani hufunguliwa kiasi cha kupitisha mkono. Ndani yuko Bi Stoo, mtunza stoo wa shule. Ukigonga mara mbili anakuuliza, "Umefika wapi?" Unamtajia, anakupa kitabu kinachofuata. Sharti lake ni moja: kirudi kimevaa jalada jipya. Mimi ni fundi rangi, vyangu nilivivalisha mifuko ya saruji, juu nikaandika jina la kitabu kwa mkono wangu. Kila ninachojua, pamoja na maneno makali ninayowaandikia wakubwa, kimepita kwenye upenyo ule. Nao ni upenyo wa wizi: kanuni zinakataza kumwazima kitabu asiye mwanafunzi.

Siku hizi nyumbani kwetu anayegonga ni shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Anafua mashuka hospitalini, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Ana miaka thelathini na minane, na baada ya miezi miwili atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ili wampokee kwenye mafunzo ya wauguzi wasaidizi. Bila vitabu vya dirishani hana kitu.

"Shemeji," aliniambia asubuhi ya mkutano, "dirisha usilitaje."

"Nisipolitaja linafungwa."

"Ukilitaja wanamfukuza bibi wa watu, na amebakiza mwaka mmoja astaafu. Bora mimi nifeli."

"Na kurasa zangu je?"

"Wewe utakosa la kusema? Waambie habari za viatu."

Tulikutana kwenye bwalo la shule. Afisa elimu alikuwa mwanamke kijana, na alianza kwa kutusifu.

"Nimekagua stoo yenu. Vitabu mia saba, vyote vina majalada. Wilaya nzima sijaona kitu kama hicho. Nampongeza mtunza stoo." Kisha akafungua faili lake. "Ila Ijumaa mchana hapa hasomi mtu. Tukifunga, hakuna atakayepoteza."

Nikasimama. Bi Stoo alikuwa karibu na mlango, anachezea funguo mapajani. Shemeji alinikazia macho. Nikasoma habari za viatu, nikafika ukurasa wa nne ambapo dirisha linaanza, nikazikunja kurasa. Nikakaa.

"Leo Faili limekwama," mtu akanong'ona nyuma, wakacheka.

Ndipo Bi Stoo akainuka. "Mheshimiwa, pongezi zako siwezi kuzipokea. Majalada yale sikuvalisha hata moja."

"Kavalisha nani?"

"Watu. Wanaazima Ijumaa, dirishani. Najua hairuhusiwi. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja." Akatembea hadi mbele, akaweka funguo mezani.

Akasimama mwoka mikate. "Yale ya mifuko ya unga ni yangu."

"Ya vitambaa ni yangu," akasema fundi cherehani.

"Ya kalenda," akasema mlinzi wa benki, kofia mkononi.

Shemeji akasimama. "Ya plastiki ni yangu, sita. Kitabu cha saba sijakivalisha. Ni hisabati, na hisabati bado haijaniingia."

Watu wakacheka, safari hii kwa upole. Nami nikainuka. "Ya saruji."

"Kumbe ni wewe," afisa akasema. "Kile kimoja nilidhani nimeshika tofali."

Akazishika funguo kwa muda, akizigeuzageuza. "Sitawadanganya. Mafuta hayapo, na wiki itakuwa ya siku nne. Lakini Ijumaa dirisha halitatumika tena. Utafunguliwa mlango, asubuhi mpaka jioni, kwa yeyote. Mama, chukua funguo zako."

"Andika," nikasema. "Na usaini."

Akaandika, akasaini palepale. Niliiangalia saini ile vizuri, nayo nimeihifadhi. Ijumaa ya watoto bado naidai, na barua ya kwanza imeshakwenda.

Nje nilimfuata Bi Stoo. Miaka yote ile, pale dirishani, nilikuwa nimeona mkono wake tu.

"Asante," nikamwambia. Sikuwa na lingine, mimi mwenye kurasa kumi na moja.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Bado niko njiani, mama."

Ijumaa iliyofuata shemeji aliingia kwa mlango, mchana kweupe, nami nyuma yake, akarudisha hisabati. Alikuwa amekivalisha kitabu zile kurasa zangu, na habari za viatu zilikuwa juu kabisa. Bi Stoo akavaa miwani, akasoma jalada lote hadi nyuma, polepole.

"Mwandiko wako umenyooka siku hizi," akaniambia, akakipanga rafuni.