Picha ya Kwenda Lodwar

Muuguzi Nakaale alikuwa ameichoka ile kompyuta. Kila upepo wa Kakuma ulipotikisa mnara wa mtandao, picha za skani za matumbo ya wajawazito alizomtumia daktari wa Lodwar zilijikokota hadi zikakwama.

"Picha husafiri vipandevipande," alieleza Kasongo, fundi Mkongo wa kambi ya wakimbizi. "Viwili vikipotea hewani, kompyuta inadhani njia imejaa. Inapunguza mwendo, inatuma vyote upya."

"Ina wazimu?" Nakaale alishangaa. "Baba akikosa mbuzi wawili jioni, harudishi kundi zima kisimani. Anawafuata hao wawili!"

Kasongo aliivuta kompyuta karibu. Kisha akaketi siku tatu akiibadilisha programu ya kutuma picha: kipande kikipotea kitumwe hicho tu, na mwendo usipungue.

Juma lililofuata upepo ulivuma kwa hasira, na picha ya mjamzito aitwaye Asekon ikafika. Daktari akapiga simu: mtoto amekingama tumboni, mleteni sasa hivi! Asekon alirudi kutoka Lodwar na mtoto wa kike, wote wazima.

Mumewe alileta mbuzi watatu wa shukrani. Nakaale akamkabidhi Kasongo kamba za mbuzi hao.

"Dada, mimi sijui kuchunga," Kasongo alisema, machozi yakimlengalenga.

"Unajua. Mmoja akipotea, mfuate huyo tu."