Kilomita Laki Tatu na Elfu Kumi na Mbili

Njia ya mwongo ni fupi. Kwetu hapa Popovo urefu wake unajulikana kabisa: kilomita laki moja na nusu, maana ndiyo namba utakayoikuta kwenye dashibodi ya kila gari linalouzwa, liwe la juzi au liwe limebeba viazi tangu enzi za Wakomunisti. Langu lilisoma laki tatu na elfu kumi na mbili. Kwa hiyo halikununulika.

Watu watatu walikuja wakakimbia. Wa kwanza alichungulia mita, akafunga mlango polepole kana kwamba ndani kuna mtu kalala. Wa pili alinieleza kwa upole kwamba mtu akithubutu kuonyesha laki tatu, basi ya kweli ni laki sita. Wa tatu aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimjibu kwamba nimekuwa fundi wa mabasi miaka thelathini na minane, na kwamba geti liko nyuma yake.

Lakini lilikuwa lazima liuzwe. Daktari wa macho alikuwa amekataa kunisainia leseni, na binti yangu Snezhina alikuwa anakuja Jumapili kunihamishia kwake Burgas, ghorofa ya saba, gereji hakuna. Likibaki litakwenda kwa jirani yangu Rusi, dalali, na kwa Rusi magari huingia mazima na kutoka vipande vipande. Sikutaka. Nililitaka liende kwa mtu atakayeliendesha.

"Jirani, dakika tano tu," Rusi aliniambia, kauegemea uzio wangu. "Nachomeka kikompyuta changu, natoa laki na sitini, unabaki na laki na nusu safi kabisa. Kesho limeshapata mwenyewe."

"Utoe zipi?"

"Zipi nini?"

"Kilomita. Utoe zipi? Za mwaka gani? Za kwenda wapi?"

"Ebo! Kilomita ni kilomita, Zaprian. Hazina majina."

"Zangu zinayo. Na uzio wangu si kiti."

Akaondoka, lakini akicheka, na hilo ndilo lililoniudhi.

Ijumaa akaja wa nne. Velichka, muuguzi, alikuwa amepewa vijiji saba vya kuzungukia, vijiji vya wazee watupu, kwa sharti kwamba awe na gari lake ifikapo Jumatatu. Alikuja na kaka yake Minko, aliyefanya kazi Stuttgart miaka kumi na mmoja akarudi na meno mapya pamoja na kidude cha kupimia unene wa rangi ya gari.

Minko hakusalimu. Alilizunguka gari akibandika kidude chake kila mahali, akitafuta puti iliyofichwa chini ya rangi. Akalala chini na koti zuri. Akaipiga picha namba ya chesisi, akaiingiza kwenye simu, akasubiri rekodi zifunguke. Mimi nikamkaribisha Velichka kahawa na banitsa, ule mkate wetu wa matabaka yenye jibini, ya kununua dukani, maana ya kuoka nyumbani iliondoka na mwenyewe. Akala vipande viwili, akasema alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Vipi huko?" akamwuliza kaka yake.

Minko akatikisa kichwa. Hapo ndipo ilipo shida ya watu wa Stuttgart. Kwetu kutikisa kichwa ni ndiyo, kwa Wajerumani ni hapana, na mtu akishakaa huko muda mrefu shingo yake haijui tena ni ya nani.

"Sema kwa mdomo, bwana!" Velichka akamfokea.

"Zinalingana," Minko akasema kwa huzuni. "Ukaguzi wa kila mwaka, miaka kumi na minne. Kila namba iko mahali pake. Hakuna hata moja iliyorudi nyuma."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri wapi! Wewe umeona wapi gari lisilosema uongo? Hapa kuna jambo. Wezi wadogo wanarudisha mita. Huyu mzee kachezea rekodi za serikali nzima."

Nilijisikia kusifiwa kidogo. Lakini nilimwona Velichka anaangalia saa, nikajua na huyu naye anaponyoka, na baada yake hakuna mwingine ila Rusi. Basi nikaingia ndani, nikatoka na daftari.

Mke wangu Dochka alikuwa karani wa stesheni ya reli, na kwake yeye kitu kilikuwa hakijatembea mpaka kiandikwe. Siku tuliponunua gari alichora mistari: tarehe, kutoka, wapi, kurudi. Hata nikienda kununua mkate aliniuliza namba nikiwa mlangoni. Tuligombana sana kwa ajili ya daftari lile. Nilimpa Minko, nikajuta kabla halijafika mkononi mwake.

Alilisoma kwa kidole, akilinganisha na simu. Sokoni. Shamba la mizabibu. Harusi ya Snezhina. Sokoni. Kisha kidole kikaanza kwenda mbio.

"Hee! Nimempata!" akasema. "Alhamisi, Varna. Alhamisi, Varna. Alhamisi tena, Varna. Dada, hili lilikuwa teksi! Kilomita mia tatu kwenda na kurudi, miaka mitano, utadhani basi la ratiba! Mzee, sema kweli, ulikuwa unabeba abiria wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja? Kila Alhamisi? Tajiri gani huyo?"

Velichka aliacha kutafuna; muuguzi anaijua hospitali kubwa ya Varna. Alinitazama, akaitazama banitsa ya dukani, akaweka sahani chini.

"Minko," akasema, "funga hilo daftari."

"Ngoja kwanza, hapa ndipo penyewe!" Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho wa Varna, na uso ulimng'aa kama wa mtoto aliyeona zilipo peremende. "Angalia. Tarehe sita Oktoba. Kutoka, 309,870, mwandiko mzuri, wino wa bluu. Kurudi, 310,172, mwandiko mwingine kabisa! Kalamu ya risasi, namba zimepinda. Safari moja, mikono miwili. Imeghushiwa hii. Nani kaandika hii ya kurudi?"

"Mimi."

"Na ya kutoka?"

"Mke wangu."

"Sasa kwa nini asiandike mwenyewe na ya kurudi?"

Nilitaka kumtukana, na matusi ninayo, mabasi hayatengenezwi kwa sala. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlinda dada yake asiibiwe, na kwetu hapa ndugu asiyekulinda kwenye gari si ndugu.

"Nilirudi peke yangu," nikasema.

Minko aliangalia daftari, akaangalia mita, kana kwamba kimojawapo kingemwokoa. Akavua kofia. Akaivaa tena.

"Namba inalingana," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua inalingana."

Velichka alimchukulia daftari mkononi, akalifunga, akanirudishia mimi. "Gari nalichukua, mzee wangu."

"Na daftari je?" Minko akanong'ona. "Bila daftari, siku ukija kuuza nani atakuamini?"

"Daftari ni lake. Mimi nimeshamwamini."

Tangu mazishi watu wameniambia mengi, pole nyingi, lakini neno lile nilikuwa na njaa nalo na sikujua. Nikaona afadhali niseme la kazi. Nikawaambia dirisha la nyuma kushoto linashuka lakini halipandi, na asubuhi za baridi waliache lingurume dakika mbili.

Minko akasema dirisha halikuwemo kwenye rekodi.

Tulimaliza karatasi kwa mthibitishaji wa hati kabla hajafunga ofisi, tukarudi kwangu wachukue tairi za baridi. Velichka akaingia nyuma ya usukani. Minko akafungua mlango wa pili, akasita. Kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa nyuma karibu kabisa, na blanketi dogo limekunjwa juu yake.

"Hiki kinainuliwaje, mzee?" akauliza, safari hii kwa adabu zote.

Miaka miwili nimeendesha gari lile kwenda sokoni na makaburini, na kiti kile sijakigusa. Nikachukua blanketi. Nikainama, nikautafuta mpini kwa kupapasa, chini upande wa kulia, nikavuta. Kiti kikainuka chenyewe, mara moja, kikasimama wima.

"Hivyo," nikamwambia. "Ukitaka kukilaza, unavuta hapohapo."

Akakaa. Wakatoka taratibu getini. Nilisimama barabarani na blanketi mkononi, nikalia kwa sauti mchana kweupe, majirani wote wakitazama, na wala sikuona haya.