Dole la Mwanapili

Tangu Jumatatu Mwongeli alikuwa akibangua korosho kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba, ngozi ya kiganja imebanduka, na nyama iliyobaki wazi ilikuwa ikitoa maji. Aliuvika mfuko wa nailoni, maana tone moja tu la mafuta ya ganda lingempigisha ukelele mbele za watu. Wenzake, wanawake ishirini na mmoja waliokaa sakafuni, walijipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi. Hiyo ndiyo kinga waliyokuwa nayo.

Daktari wa hospitali ya Msambweni alikuwa amekwisha badilisha dawa mara tatu. "Mama, mimi ninabahatisha tu," alimwambia. "Sijui hayo mafuta yamechanganywa na nini. Yakiuzwa nje lazima yafuatane na karatasi inayosema yana nini ndani, na aliyeungua atibiwe vipi. Niletee nakala. Tukiendelea kubahatisha, mkono huu utaupoteza."

Basi Alhamisi, lori la kiwanda liliporudi kutoka bandarini Mombasa na mapipa yake yote arobaini ya mafuta, pengine Mwongeli peke yake ndiye aliyefurahi. Yalikuwa yamerudishwa kwa kukosa karatasi hiyo hiyo. Mnunuzi wa Ubelgiji hakutaka kuona hata pipa moja bila karatasi.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, meneja Gerishom aliwaita wabanguaji barazani pa ofisi. Karani wake, Roselyne, alikuwa amekwisha ipiga taipu karatasi hiyo, kurasa sita za Kiingereza. Aliamriwa awasomee kwa Kiswahili, tena haraka, kwani lori lilitakiwa kuwahi feri ya Likoni, na barabara ilikuwa bado mashimo matupu tangu mvua za El Nino.

"'Mafuta haya huunguza ngozi,'" Roselyne alisoma. "'Anayeyashika avae glavu nzito za mpira. Yakimgusa, ajioshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha amwone daktari na kumwonyesha karatasi hii.'"

Mtu alicheka nyuma, kicheko kibaya. Kiwandani mle mlikuwa na bomba moja, nalo lilifungwa kwa kufuli.

"Glavu zenyewe zi wapi, bwana meneja?" aliuliza Mwanapili, mama wa Kidigo aliyeanza kazi wiki ile ile.

"Hayo ni ya Wazungu watakaofungua mapipa huko," alisema Gerishom. "Ninyi tieni dole tu ukurasa wa mwisho, kwamba mmefundishwa na hakuna aliyeumia. Mapipa yasipoondoka leo, kiwanda kinafungwa. Haya, chagueni."

"Mimi naomba nakala, meneja," alisema Mwongeli. "Daktari anaitaka."

"Karatasi ni ya mali, si ya watu."

"Basi mimi sitii dole."

Mwongeli mwenyewe aliogopa alichokisema. Gerishom alimsogelea, akashusha sauti.

"Mama, tunasali kanisa moja. Usinifanyie hivyo. Tia dole, Roselyne atakutolea nakala."

Alimwamini. Aliufungua mfuko kwa meno, akakichovya kidole gumba kwenye wino, machozi yakamtoka. Karatasini ikabaki alama nyeusi, laini, isiyo na mstari hata mmoja. Akarudia, ikawa vile vile. Akajaribu cha kushoto, nacho kilikuwa kimekwisha liwa na mafuta kwa miaka minne. Nzisa, mbanguaji mwenzake, naye akajaribu, na mwingine, na mwingine. Alama zote zilikuwa doa tupu.

"Bandarini watasema tumeghushi," Gerishom alifoka. Aliuchana ukurasa, akamwamuru Roselyne apige mwingine. "Mwanapili! Njoo wewe. Zungusha kidole, kila jina upande wake, alama zisifanane."

"Mimi si Mwongeli, bwana meneja."

"Leo wewe ndiye."

Mwanapili alitia dole mara ishirini na mbili. Mistari ilitoka safi, yote.

"Na nakala yangu?" aliuliza Mwongeli.

Gerishom alikuwa akiziingiza karatasi kwenye bahasha. "Tulipatana utie dole. Umetia?"

"Basi nitakwenda ofisi ya kazi."

"Nenda. Watakuonyesha dole lako hapa, kwamba ulifundishwa na hukuumia."

Mwongeli alitaka kumtukana, asipate tusi la kumtosha. Lori liliwashwa, likatoka na bahasha yake. Wanawake walianza kurudi sakafuni. Gerishom alifungua kabati, akatoa glavu mpya za mpira, jozi moja, akampa Mwanapili.

"Wewe vaa hizi," alisema. "Vitunze hivyo vidole. Mwezi ujao kuna mapipa mengine."

Mwanapili alizipokea kwa mikono miwili, akashindwa kumtazama Mwongeli.